Belo la midoli ya mtumba: bei inatoka wapi?

Mchukue mdoli wa Barbie uliyemchomoa kwenye mzigo wa mtumba pale Karume, mvue gauni, usome kilichopigwa chapa nyuma ya kiuno. Mara nyingi utakuta mwaka 1966. Hapo ndipo wengi wanaoanza biashara ya vitu vya kuchezea vilivyotumika wanapopatwa na homa. Kijana aliyemwaga mzigo kwenye turubai anaita "buku buku, chagua mwenyewe", yaani elfu moja kila kimoja, na mtandaoni kuna mtu anatangaza mdoli mwenye chapa hiyo hiyo kwa mamia ya dola. Wananunua, wanamfunga kwenye nailoni, wanapandisha picha, wanasubiri. Mteja haji.

Haji kwa sababu mdoli huyo hakutengenezwa 1966. Huo ni mwaka ambao kampuni ya Mattel ilisajili haki ya umbo la kiwiliwili hicho, chenye kiuno kinachozunguka. Umbo liliendelea kutumika kwa miongo kadhaa, na mwaka ule ule ukaendelea kupigwa chapa kwenye mdoli mpya kila siku. Ukimtazama shingoni kwa nyuma utakuta mwaka mwingine, mara nyingi 1976, wa umbo la kichwa. Kwa hiyo mdoli mmoja anaweza kubeba miaka miwili, na yote miwili isiwe mwaka aliotoka kiwandani. Kinachosema zaidi ni jina la nchi. Barbie wa miaka ya 1960 kwa sehemu kubwa walitengenezwa Japani. Ukisoma Malaysia, China au Indonesia, umemshika wa baadaye, aliyeuzwa kwa mamilioni, na thamani yake ni furaha atakayompa mtoto wa Mbagala au Tabata.

Nimeanza na Barbie kwa sababu ndani yake kuna fundo lote la biashara hii. Ndani ya belo moja kuna masoko matatu yaliyochanganyika, na kila soko lina mteja wake na namna yake ya kupanga bei. Kuna mzazi anayetaka kitu kizima, kisafi, cha bei nafuu, mtoto acheze. Kuna mtu anayetafuta kipande: gurudumu, treni moja ya kukamilisha seti, kiatu cha mdoli. Na kuna mkusanyaji, ambaye hachezi wala hana mtoto wa kumpa, anataka toleo fulani, rangi fulani, katika hali fulani. Hasara nyingi ninazoziona zinatokana na kumpelekea mzazi bei ya mkusanyaji, au kumpa mkusanyaji bei ya mzazi bila kujua umeshika nini.

Tuanze mzigo unapotoka. Vichezeo vinavyofika Kariakoo, Gikomba au Owino vingi vilianzia kwenye nyumba za Ulaya, Marekani au Asia. Familia imetoa, duka la hisani limejaribu kuuza, kilichobaki kimeuzwa kwa wanunuzi wa jumla. Katika hatua hiyo bei ni ya kilo. Mdoli wa kitambaa na gari la chuma vinapimwa kwenye mzani mmoja, vinafungwa, vinasafirishwa, na huku vinafunguliwa kwa bei ya belo zima au kiroba. Kutoka bei ya kilo hadi bei ya kipande kimoja kimoja, hapo katikati ndipo riziki yako ilipo. Anayejua kutenganisha anakula, asiyejua analipia takataka za watu nauli ya meli.

Lakini usijidanganye kwamba wenzetu wa kule wanatupa dhahabu bila kujua. Mashirika ya hisani yana macho. Goodwill ya Marekani ina mnada wake wa mtandaoni, shopgoodwill, tangu 1999, na Oxfam ya Uingereza ina duka lake la mtandaoni. Vitu vinavyojulikana kuwa adimu huchujwa mapema na kuuzwa huko huko. Kinachotufikia ni kile walichokipita: kidogo sana kuhangaika nacho, pungufu, kichafu, au ambacho mchambuzi hakukijua siku hiyo. Anayekuambia ufungue belo utajirike kwa mdoli mmoja anataka kukuuzia belo.

Sasa turudi kwenye kusoma chapa, maana ndiyo elimu ya bure yenye faida kubwa kuliko zote. Mtego wa 1966 unajirudia kila mahali. Watu wadogo wa plastiki wa Playmobil, kampuni ya Ujerumani, wana mwaka 1974 chini ya miguu. Ndio mwaka walioanza kuuzwa, na wale waliotoka kiwandani miaka 30 baadaye nao wana 1974. Magari madogo ya Hot Wheels, yaliyoanza kuuzwa 1968, yana mwaka kwenye chesisi, nao ni wa haki ya umbo la gari lile. Gari lenyewe linaweza kuwa la miaka mingi baadaye.

Zipo alama zinazosema kweli. Geuza gari la Matchbox. Kama chini limeandikwa "Lesney" na "Made in England", lilitengenezwa kati ya 1953 na 1982, kwa kuwa kampuni ya Lesney ilifilisika 1982, jina likauzwa, utengenezaji ukahamia Macau na baadaye kwingineko. Neno moja hilo linakupa mpaka wa muda ambao mwaka wa haki ya umbo hauwezi kukupa. Kwa Hot Wheels, tazama magurudumu: yale ya miaka ya mwanzo, 1968 hadi 1977, yalikuwa na mstari mwembamba mwekundu kuzunguka tairi. Ukiuona mstari huo kwenye gari lililochakaa rangi, usilirushe kwenye fungu la buku. Tenga, piga picha chini na ubavuni, ulizia.

Kwa midoli ya manyoya, shika sikio. Steiff, kampuni ya Giengen huko Ujerumani, imekuwa ikipigilia kitufe cha chuma kwenye sikio la kushoto la wanyama wake tangu 1904. Kitufe kikiwa na kilebo cha njano chenye maandishi mekundu, huyo ni wa toleo la kawaida. Kilebo cheupe chenye maandishi mekundu ni cha toleo lenye idadi maalumu. Dubu kama huyo anaweza kuwa amelala katikati ya midoli 40 ya manyoya inayofanana kabisa kwa jicho la haraka, na wazazi wengi wakimnunua huking'oa kitufe kwa kuhofia mtoto atakimeza. Kwa upande wao wana haki. Ndiyo maana unatakiwa umwone wewe kabla hajafika kwao.

Kosa la pili kubwa ni kudhani kwamba uzee ndio thamani. Kitu kinapanda bei pale kinapokuwa kichache kuliko wanaokitaka. Uchache peke yake haufai kitu kama hakuna anayekitaka, na kutakwa peke yake hakutoshi kama vimejaa maghala. Mfano mkubwa ni wanyama wadogo wa kitambaa wa Beanie Babies, walioletwa sokoni na kampuni ya Ty mwaka 1993. Kampuni ilikuwa ikitangaza kwamba mnyama fulani hatatengenezwa tena, watu wakakimbilia kununua na kuweka. Kufikia 1999, mume na mke waliokuwa wakiachana Las Vegas waligawana mkusanyo wao sakafuni mahakamani, mbele ya jaji, mnyama mmoja mmoja. Tatizo ni kwamba kila mtu aliweka, na kila mtu aliviweka vikiwa vizuri na lebo zake. Bei zikaporomoka. Leo Beanie Babies wanakuja kwenye mabelo, na watu bado wanatangaza bei za kuota. Wengi wao muuzie mtoto tu, kwa moyo mkunjufu.

Nawaza hilo kila ninapoona midoli ya Labubu inavyoning'inia kwenye mikoba mjini. Msanii Kasing Lung aliwabuni viumbe hao 2015, kampuni ya Pop Mart ikawauza, na Juni 2025 mmoja wa ukubwa wa karibu binadamu alinunuliwa mnadani Beijing kwa yuani milioni 1.08. Bei hiyo ni ya kitu kimoja, mnada mmoja, mnunuzi mmoja. Labubu wa mkobani, tena wengi mitaani kwetu ni feki, hapaswi kupangiwa bei kwa kutazama ule. Wala usiweke mtaji wa ada ya mtoto humo. Hata kitu imara hutikisika: seti kubwa ya matofali ya plastiki ya LEGO ya kujenga Millennium Falcon, chombo cha anga cha filamu za Star Wars, ya 2007 ilipanda bei sana baada ya kuacha kutengenezwa, kisha 2017 kampuni ikatoa mpya yenye vipande 7,541, na bei ya ile ya zamani ikashuka. Mwenye kiwanda ana uwezo wa kuumaliza uchache siku yoyote atakayo.

Hapa kwetu tunao mfano wa zamani zaidi. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ilipigwa Tabora 1916 kwa dhahabu ya Sekenke wakati Wajerumani wamezingirwa vitani. Zilitoka 16,198 tu. Hiyo inatafutwa duniani kote. Sarafu ndogo za shaba za heller za koloni hilo hilo zilitolewa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo, ingawa umri ni ule ule. Pamoja na hayo kila mwaka kuna watu wanatapeliwa kwa hadithi za rupia za Mjerumani zenye nguvu za ajabu. Akija mtu na hadithi hiyo mezani kwako, muage kwa heshima.

Basi bei halisi utaijuaje? Swali ni moja: kimeuzwa shilingi ngapi, siyo kinauzwa shilingi ngapi. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 500 kwenye tangazo. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja uone vilivyokwisha kuuzwa, na hapo homa inapoa haraka. Kwa LEGO kuna BrickLink, soko la mtandaoni lililoanza 2000 na kununuliwa na LEGO yenyewe 2019, ambalo linaonyesha mauzo ya miezi 6 ya kila seti na kila kipande. Ukishaona bei ya huko, kumbuka ni bei ya mnunuzi wa huko. Toa ada ya soko, toa nauli ya posta, toa makato ya kupokea fedha, ndipo uone kilichobaki kama kinafika robo.

Kwa mtu mwenye kazi nyingine, anayefanya hii jioni na Jumamosi, faida ya uhakika iko kwa mzazi, na inatokana na kazi tatu za mikono: kutenganisha, kusafisha, kukamilisha. Chukulia kiroba cha mchanganyiko cha shilingi 60,000 na usafiri 5,000, ndani yake vipande 80. Vipande 30 ni vya kutupa au kuvunwa skrubu na magurudumu. 35 utauza 2,000 kila kimoja, 12 utauza 5,000, na 3 vilivyo vizuri sana 15,000. Jumla 175,000. Sabuni, betri za majaribio na mifuko 12,000. Bando na bodaboda 18,000. Inabaki 80,000 kwa karatasi. Lakini mwisho wa mwezi vile vya 2,000 vitakuwa vimebaki kama 15, kwa hiyo mkononi una 50,000. Ukihesabu saa 20 za kukaa chini unasugua na kupiga picha, umejilipa 2,500 kwa saa. Si haba kwa anayeipenda kazi yenyewe, na ni kidogo sana kwa aliyeambiwa atatajirika. Hesabu yako itatofautiana na hii, ila ifanye hivi hivi, na saa zako uzihesabu.

Kukamilisha ndiko kunakobadilisha bei zaidi. Fumbo la picha la vipande 100 lililopungua kimoja ni takataka; likiwa kamili, limehesabiwa na kuandikwa juu ya boksi "vipande 100, nimevihesabu", mwalimu wa chekechea atalichukua bila kubishana. Shule za awali na vituo vya kulelea watoto ni wateja ambao wauzaji wengi wanawasahau. Wanataka vitalu vya mbao, mafumbo, vyombo vya jikoni vya kuchezea, tena kwa wingi, na Januari, wakati mzazi amebanwa na ada, wao ndio wanaandaa madarasa. Desemba na sikukuu za Idi ni za mzazi. Panga ununuzi wako kwa kalenda hiyo.

LEGO ina utaratibu wake. Hakikisha kwanza ni yenyewe: kila kitufe juu ya tofali kina jina LEGO limechorwa kwa herufi ndogo. Matofali ya leo yanashikana na yale yaliyotengenezwa tangu hataza ya Januari 1958, kwa hiyo hakuna tofali lililopitwa na wakati. Watu wadogo wa LEGO, walioanza 1978, watenge kando, wana soko lao na mara nyingi wanabeba thamani kubwa ya ndoo nzima. Osha kwa maji yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini, kwa mkono, uanike kivulini. Jua letu la Dar linageuza plastiki nyeupe kuwa ya njano, na ukishaona unjano umechelewa.

Kwa vichezeo vya betri, fungua kasha kabla ya kulipa. Ukikuta unga mweupe au wa bluu kwenye springi, betri imevuja. Pamba yenye siki kidogo inausafisha uvujaji wa betri za alkali, futa, kausha, jaribu. Springi ikiwa imeliwa kabisa, fundi redio wa mtaani anaweza kubadilisha kwa bei ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya kinacholia na kisicholia. Magari ya chuma yahifadhi mbali na hewa ya bahari, ekseli zinashika kutu upesi. Maboksi ya karatasi weka ndani ya plastiki, ukungu ukiingia haumtoki mteja puani.

Sasa jambo ninaloliona ni zito kuliko faida. Kitu cha mkusanyaji na kitu cha mtoto vinaweza kuwa kitu kimoja, ila si kila cha mkusanyaji kinafaa kwa mtoto. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini mengi ya risasi (lead) kwenye vichezeo mwaka 1978. Kabla ya hapo rangi hizo zilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alipima vichezeo 200 vya plastiki vilivyotumika akakuta madini hatari, yakiwemo risasi na kadimiamu, hasa kwenye plastiki ya njano, nyekundu na nyeusi. Gari la Lesney lililobanduka rangi ni la kabati la mtu mzima. Mama akilipenda kwa ajili ya mwanawe anayetambaa, mwambie: "Dada, hili ni la zamani, rangi yake si salama mdomoni, chukua hili la plastiki badala yake." Utapoteza elfu 3, utapata mteja wa miaka.

Betri ndogo za duara ni hatari ya haraka zaidi. Mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Kichezeo chochote ambacho kasha la betri hiyo linafunguka kwa ukucha, bila skrubu, usikiuze. Toa betri, kivunje. Sumaku ndogo ndogo zenye nguvu vivyo hivyo: mbili zikimezwa hukutana tumboni na kubana utumbo katikati. Kwa watoto chini ya miaka 3, kitu kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Na vifaa vya kulalia watoto wachanga vikija kwenye mzigo, tafuta jina lake kwenye orodha za bidhaa zilizorudishwa viwandani. Vile vya kulalia kwa mwinamo vya Rock 'n Play vya Fisher-Price, takriban milioni 4.7, viliondolewa sokoni Marekani mwaka 2019 baada ya vifo vya watoto. Kitu kikirudishwa kule hakifutiki duniani, kinaweza kuishia kwenye kontena.

Kwenye kuuza, winga wa Kariakoo, yaani dalali wa kukutafutia wateja, anaweza kukutangazia mzigo na kuweka cha juu chake, na mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye, husaidia kuanza bila mtaji mkubwa, mradi mwenye mzigo anakuamini na unarudisha kwa siku mliyopatana. WhatsApp inatosha kwa mzazi. Piga picha mchana dirishani, pande zote, na kasoro ipigie picha ya karibu kabla mteja hajaiuliza. Andika ukubwa kwa sentimita, sema kama kinalia, sema kama betri imo. Mteja wa Mwanza alipie mzigo na nauli ya basi kwanza kwa lipa namba, nawe umtumie picha ya risiti ya parseli. Mkusanyaji wa nje mpelekee vile vidogo na vyepesi tu, gari moja la chuma, mtu mmoja wa LEGO, kitu kinachoingia kwenye bahasha, kwa sababu posta inatoza kwa uzito na dubu mkubwa atakula faida yake yote kabla hajaondoka uwanja wa ndege.